Mkwe Aliyeingia Chumba cha Ndani

Wote, 3 Septemba 2022

Mwiitu wakwa Ndunge,

Salamu nyingi, binti yangu. Sisi tuko wazima, isipokuwa magoti yangu na ng'ombe waliobakizwa na ukame. Ninyi je? Ismahan ameota meno? Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Njoo nyumbani. Mulei ni ndugu yako wa tumbo moja. Tumefundishwa kusamehe sabini mara saba, na wewe hata mara moja hujajaribu.

Mama yako


Mwingi, 11 Septemba 2022

Mama,

Natumai u mzima. Ismahan ana meno manne na anauma. Mimi pia.

Usinihubirie. Mbuzi wa ntheo, wa kufunga ndoa yangu, tulikubaliana wote kwamba atachinjwa na baba mkwe wangu, mzee Sugow, ili pande zote mbili zile. Mulei akaamka mapema akamchinja mwenyewe, akijua vizuri Waislamu hawatamla. Watu wametoka Mwingi hadi kwenu kunywa chai ya rangi, huku watu wa kanisa lako wakitafuna mifupa na kucheka! Mama mkwe wangu Hodo alirudi Mwingi akalala njaa. Na wewe ukasimama ukaombea chakula. Huyo Mungu alikuwa upande gani wa meza? Nilisema sikanyagi hapo tena, na sikanyagi.

Ni mimi, Ndunge


Wote, 30 Oktoba 2022

Mwiitu wakwa,

Mmeamkaje huko? Umenitukana nikasikia. Sasa nisikize na mimi, maana nimekasirika pia.

Mulei alikuwa anachimba maji mtoni, mchanga ukamporomokea, ukamvunja nyonga. Hospitali imemrudisha alale tu, nikamlaza chumbani kwangu. Mke hana, na mimi mama mzazi siwezi kumvua mtu mzima nguo. Akalala kwenye uchafu wake. Nikaita wazee wa kanisa. Wakaja, wakaomba wakiwa mlangoni wameziba pua, wakaenda zao.

Aliyemwosha ni mume wako. Alikuwa anapita na lori la nyasi kutoka Kiboko, akasikia habari sokoni. Unajua mkwe haingii chumba cha ndani cha mama mkwe. Abdifatah aliniomba ruhusa, akaingia, akafunga mlango. Nikabaki jikoni na haya zangu. Nikamsikia Mulei akiuliza, "Kwa nini unanifanyia hivi?" Akajibiwa, "Shemeji, inua mkono." Basi. Tangu hapo anakuja kila wiki.

Miaka yote hii naimba Mungu ashuke. Ameshuka, Ndunge, na beseni na kipande cha sabuni, nami nikaona haya kumkaribisha. Kwani mume wako hajakuambia?

Mama yako


Mwingi, 2 Novemba 2022

Mama,

Salamu baadaye. Hajaniambia! Kila wiki ni pancha, ni lori limeharibika. Nimemuuliza mbona ananidanganya. Akasema, "Ningekuambia ungeniruhusu?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya basi," akaendelea kula.

Nimemkasirikia yeye, nimekukasirikia wewe, na huyo Mungu wako anayezunguka nyuma yangu akisamehe watu bila kuniuliza. Nikaenda kumshtaki kwa mama Hodo. Yeye ndiye aliyelala njaa, nikajua atakuwa upande wangu. Kumbe beseni lenyewe ni lake! Katika nyumba hii sina hata mtu mmoja wa kukasirika naye pamoja.

Nitakuja Alhamisi ijayo na lori. Sijamsamehe Mulei, usiende kutangaza kanisani. Lakini Abdifatah hawezi kuendesha lori, amwoshe mtu, kisha afue na mashuka, na dada wa mgonjwa yupo. Mashuka nitafua mimi.

Mwambie Mulei asinishukuru. Akithubutu nitalia mbele yake, na hilo sitamsamehe kamwe.

Binti yako,
Ndunge