Neno Moja Alilobaki Nalo Baba

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kila baridi ikiingia? Miaka sita hatujaandikiana, lakini mimi bado nauliza kifua.

Baba alipata kiharusi Desemba. Upande wa kulia haufanyi kazi. Maneno yote yamemtoka, yeye aliyewafundisha wachungaji Kigiriki miaka thelathini. Limebaki moja tu: kairos. Mwanzoni Shangazi alidhani ni jina la mtu. "Huyu Kairo ni mwanamke wa wapi?" akaniuliza, macho kayatoa.

Tulicheka. Sasa sicheki. Jumanne moja nilikuwa nimekaa kitini nakunja shuka zake. Akasema kairos, akaniashiria niende kwake. Niliposimama tu, ubao wa dari ukaangukia kile kiti. Wiki iliyofuata alilisema huku anatazama jikoni. Nikaenda: mpira wa gesi umechanika, na mimi nimeshika kiberiti.

Wewe ulilisoma hilo neno. Lina nini?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimetulia. Pole kwa kuuguza peke yako.

Neno halina uchawi. Pale sisi tunaposema "wakati", Wagiriki walikuwa na maneno mawili. Kronos ni wakati wa kuhesabu: saa, siku, miaka. Kairos hauhesabiki; ni wakati uliofika. Jipu hulitumbui kwa kalenda, unangoja liive. Ukiliwahi unaumia bure. Ukilichelewesha linageuka sumu. Hapa ofisini tunatafsiri Maandiko, mimi nasahihisha kurasa, na kila nikikutana nalo nabishana na wenzangu: tuandike majira, au wakati uliokubalika?

Unakumbuka nililitafsiri "saa" darasani kwake? Alinisimamisha mbele ya wanafunzi wote, mimi mwanawe, akasema nisikae mpaka nielewe. Nilisimama vipindi viwili, kisha nikatoka. Ndivyo nilivyotoka, na nyumbani sijarudi mpaka leo.

Dari ni mbovu na mpira wa gesi ni wa zamani. Usimfanye mzee mganga. Nitakuja mwisho wa Juni, kurasa zikiisha.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe, tu wazima.

Jana asubuhi, saa nne kasorobo, Baba alilisema mara tatu. Nilizima jiko, nikahama kiti, nikatazama dari. Hakuna kilichoanguka. Nikashinda nimejikunyata kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Jioni ndipo nilipogundua alikokuwa akitazama: mlangoni. Machozi yanamtiririka, na Baba hata tulipomzika Mama hakulia.

Juni ni kronos, mdogo wangu. Njoo sasa.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Sijui ilizungukia wapi.

Una hakika ni tarehe kumi, saa nne kasorobo? Maana asubuhi hiyo nilikuwa mezani nasahihisha, na nyuma ya sikio langu sauti ya Baba ikasema lile neno. Mara tatu. Nilihisi mpaka joto la pumzi. Nikageuka: ukuta mtupu. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza, "Umemwona nani?" Nikamjibu, "Usingizi tu."

Nilijua ni yeye, Dada. Nilijua, na nikainama nikaendelea na ukurasa.

Nakuja Jumamosi. Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Ulifika salama? Umekula? Uliondoka hapa bila hata kunywa maji.

Nilikwambia ukweli ulipofika: tangu tarehe kumi hakulisema tena. Siku tano ulimgeuza, ulimwogesha, ulimwomba radhi, naye akakutazama kama mtu anavyotazama pazia.

Sasa keti kwanza. Jana Baba amezungumza. Maneno yote yamerudi kwa mkupuo, kama bomba lililozibuka. Ameomba maji, ameniita kwa jina, amemgombeza Shangazi kwa chumvi. Daktari ameshika kichwa.

Nikamuuliza, "Baba, kairos ni nini?"

Akafikiri. "Neno la wapi hilo?"

Nikamuuliza habari zako. Akanicheka. "Mimi nina mtoto mmoja, ndiye wewe."

Nilitoka nje nikalia. Niliporudi alikuwa anajaribu kunyoosha vidole vya kulia. "Yule mgeni wa juzijuzi," akasema, "aliyekuwa akinigeuza. Mikono yake haina haraka. Mwambie aje tena."

"Aje lini, Baba?"

"Siku yoyote. Mimi nipo tu."

Sijui kama hii ni habari njema. Utaingia kama mgeni, lakini njoo. Kitanda chako nimekitandika.

Dada yako