Siku Ishirini na Moja za Memsabu

Jumatatu, 29 Juni 1959

Baridi ya Kabiria leo ni ya kukata masikio. Memsabu hajashuka kiotani tangu juzi. Nikimkaribia anavimba na kunguruma – kuku kunguruma! Kwetu Bungoma hata mtoto mdogo angesema: huyo anataka kulalia, mwekee mayai. Lakini hapa si kwetu. Hapa kuna Zadock, na Zadock ana kijitabu.

Zadock ndiye mume wangu. Karani, ofisi mjini, kalamu tatu mfukoni, moja ndiyo yenye wino. Kijitabu ni cha ufugaji wa kuku wa kisasa. Kinasema kuku anayelalia ni mvivu, anakula bila kutaga. Zadock amekasirika kweli, maana mayai yetu yana kazi maalum. Kila Ijumaa mayai sita yanafungwa kwenye gazeti, yanapanda baisikeli, yanakwenda kwa mkubwa wake, Mzungu. Mwaka wa tatu huu Mzungu anakula mayai yetu na kusema ahsante sana Zadock. Cheo hakijasogea hata inchi.

Yanayobaki anakula Zadock. Mimi nayaokota, nayafuta mavi, nayachemsha, namenya. Kula, hapana. Kwetu mwanamke hali kuku wala yai.

Daftari hili alininunulia niandike taarifa ya kuku, kama ofisini. Taarifa iko mbele, kurasa mbili. Huku nyuma ni kwangu mwenyewe. Nalificha kwenye debe la unga. Ugali Zadock anaujua, lakini unga unakaa wapi, hajui.

Jumatano, 1 Julai

Kijitabu kimesema: mtumbukize kwenye maji baridi mara tatu. Zadock akashika kijitabu, mimi nikashika kuku. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu akasema nampoza vibaya, hii ni kazi ya mwanamume. Memsabu akamdonoa kidole gumba mpaka damu. Lo! Karani wa serikali aliruka akakanyaga debe, maji yote yakaingia kwenye viatu vya ofisi.

Sasa Memsabu yuko ndani ya kreti ya soda, imening'inizwa kwenye mpera, hana majani wala kiota. Siku tatu. Zadock anacheka: nimemtia kizuizini, atoke akiwa ameacha mawazo yake.

Ngina, mwenye ploti tunayopanga, alikuwa anaanika nguo pale pale. Hakucheka. Mume wake bado hajarudi kutoka kambi ya kizuizini. Niliona haya, haya ya kutaka ardhi ipasuke niingie. Zadock hata hakuona, alikuwa anakausha soksi.

Alhamisi, 2 Julai

Kliniki. Nesi Milcah alinivuta kope la chini akaangalia. Akaangalia la pili. Akasema: Mama, huku ndani ni kweupe kama shuka. Mimba ya miezi sita na damu huna!

Akauliza ya kwanza iliendaje. Nikamwambia. Mwaka jana, mwezi wa saba, msichana. Hakulia. Milcah akaacha kuandika. Kisha akasema, polepole, kama anamwelekeza mtu njia: yai moja kila siku. Mimi nikacheka. Unacheka nini, unafuga kuku au hufugi? Nafuga. Basi!

Jioni nilimweleza Zadock, yeye akiwa anakula yai. Aliweka kijiko chini akanifundisha kwa upole. Mwanamke akila yai anazaa mtoto mwenye kipara, na ukoo unachekwa. Mama yake alizaa watoto tisa bila kuonja yai hata moja. Akamaliza lake, akapangusa mdomo.

Jumapili iliyopita mtu huyu huyu alitoa hotuba kwenye Umoja wa watu wetu, pale Kaloleni. Kichwa cha hotuba: Mwanamke wa Kisasa. Walimpigia makofi sana. Niliyasikia nikiwa nje, naosha vikombe.

Jumamosi, 4 Julai

Memsabu ametoka kizuizini. Akajikung'uta, akanywa maji, akatembea moja kwa moja mbele ya macho ya Zadock mpaka kiotani, akakaa. Mawazo ni yale yale.

Zadock amegeuka. Bwana Zachariah, mwenyekiti wa Umoja, amemwambia mwenye vifaranga ndiye mwenye maendeleo. Basi sasa tunazalisha! Mayai kumi na mawili, safi. Siku ishirini na moja. Akazungushia tarehe 25 duara jekundu kwenye kalenda, akapanda baisikeli akaenda kwenye mkutano. Kuyaweka mayai ni kazi ya nani? Yangu.

Nikasimama bandani, mayai kumi na mawili kwenye aproni. Nikawaza hivi. Mayai ya kila siku Zadock anayahesabu. Lakini mayai yaliyo chini ya kuku anayelalia, nani anayagusa? Na chini ya Memsabu, nani anathubutu?

Nikaenda kwa Ngina kuomba viazi kumi na moja, vidogo vya mviringo. Ngina akaniangalia: hivi ni vya mbegu, mama, si vya kupika. Nikasema, sitavipika.

Yai moja nimemwachia Memsabu, asikose vyote. Alivipanga viazi vyangu kwa mdomo, kimoja kimoja, akavifunika, akafumba macho. Mayai kumi na moja yako ndani ya debe la unga. Mungu anisamehe. Na asiponisamehe, basi mtoto alie tu, nimsikie.

Jumapili, 5 Julai

Zadock yuko kanisani, kamati. Nimefunga mlango, nimechemsha moja.

Nilingoja nianguke. Nilingoja nywele zinyonyoke. Hakuna. Mtoto akapiga teke moja, kubwa. Nililia, nikala huku nalia. Maganda nimeyaponda nikawapa kuku wengine, wakayamaliza wote. Ushahidi wameula wenyewe.

Yai moja kila siku haliwezekani, ni machache. Nitaruka siku, nitakula siku.

Jumamosi, 11 Julai

Leo kidogo nizimie! Kijitabu, ukurasa wa tisa: siku ya saba, mulika kila yai kwa tochi uone mishipa. Zadock kaja na tochi mpya, kalamu na karatasi yenye mistari kumi na miwili.

Lakini kuingia bandani hakuingia. Kidole gumba bado kina bandeji. Akasimama nje ya waya: wewe toa moja moja, uyashike kwenye mwanga.

Nikaingiza mkono chini ya Memsabu, nikatoa yai. Lile lile moja. Tochi ikawaka. Mishipa mizuri, myekundu, kama mizizi. Namba moja, safi! Nikarudisha mkono, nikakoroga viazi kidogo, nikatoa yai. Namba mbili, safi! Mara kumi na mbili. Jasho linanitiririka mgongoni na baridi hii. Kwenye namba nane akakunja uso: mbona yanafanana sana? Nikasema, si baba yao ni mmoja. Akacheka, akaandika.

Karatasi ameibandika ukutani. Kumi na mawili kwa kumi na mawili. Anasema hata Wazungu hawafiki hapo.

Jumatano, 15 Julai

Zadock amegawa vifaranga ambao bado hawajaanguliwa. Wanne kwa mke wa mkubwa wake. Watatu kwa Bwana Zachariah. Wawili kanisani. Watano kwa mtu wa ofisi ya leseni, usiniulize kwa nini. Hao ni kumi na wanne, na bado anasema atabaki na wa mbegu.

Alhamisi, 16 Julai

Kliniki. Milcah kavuta kope. Heee! Rangi imeanza kuja! Unakula nini? Nikasema, viazi.

Jumatatu, 20 Julai

Barua. Mama mkwe anakuja Alhamisi kwa gari la moshi. Zadock amemwita aone vifaranga vya kisasa, na akae mpaka nijifungue.

Huyu mama hagusi hata mchuzi kwenye sufuria iliyopikiwa kuku. Rael, mke wa kaka yake Zadock, alikutwa na paja la kuku mkononi. Kesho yake asubuhi alirudishwa kwa wazazi wake na kikapu chake. Mtoto wake alibaki. Ana miaka minne sasa, mama yake anamwona sokoni, kwa mbali.

Zadock ningemdanganya. Ningesema yote yamekuwa viza, nimetupa shimoni. Angeandika taarifa. Lakini mama mkwe amelalisha kuku miaka arobaini. Viza anaijua kwa harufu, na kiazi hakinuki viza. Nifanye nini? Mayai kumi na moja siwezi kuyatoa hewani.

Alhamisi, 23 Julai

Amefika. Ameshuka na kikapu cha mtama, mkeka, na jogoo hai aliyefungwa miguu, wa Zadock. Aliniangalia juu mpaka chini. Neno la kwanza: umenenepa usoni. Nikasema, ni maji tu, Mama.

Analala jikoni kwa sababu ya moto. Amelaza kichwa karibu na debe la unga. Mayai mawili yamebaki mle ndani, na daftari hili linakaa mle mle. Leo ilikuwa siku ya kula. Sikula.

Ijumaa, 24 Julai

Jogoo amechinjwa. Zadock alikula firigisi, akala mapaja, akamaliza na shingo, huku akimsomea mama yake kijitabu. Mimi na mama mkwe tulikaa jikoni na ugali na kunde. Harufu ya kuku imejaa nyumba nzima. Sisi wawili tuliopika tunatafuna kunde.

Mara akauliza: ile ya mwaka jana, ulimpa jina? Nikasema, hapana. Akasukuma kuni motoni.

Kesho ndiyo ishirini na moja. Zadock atakuja saa saba na Bwana Zachariah. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumamosi, 25 Julai

Naandika nimesimama. Haraka.

Asubuhi Zadock alipoondoka tu, mama mkwe akafunga kanga akasema, twende tukawaangalie. Nikasema, Mama, kuna umande. Akasema, umande umeanza lini kuniogopesha? Memsabu hakumdonoa! Mama alimshika mabawa kama anainua mtoto, akamweka pembeni.

Kifaranga kimoja, bado kibichi, kinalia. Na viazi kumi na moja vimechipuka. Machipukizi meupe, marefu, yamesukana na majani ya kiota. Joto limevipenda.

Aliangalia. Kisha akauliza: mayai yako wapi? Nikaweka mkono tumboni tu.

Akamrudisha Memsabu juu ya viazi vyake, akamfutia manyoya. Akasema, bila kunitazama: nilizaa tisa, nikazika wanne. Kila mara waliniambia nina damu kidogo. Kuku walikuwa wamejaa uani. Wamejaa, Naliaka.

Yamebaki mangapi? Mawili. Chemsha yote.

Tulifunga mlango. Akakaa akiupa mlango mgongo, mwanamke wa miaka sitini, akalimenya yai na nusu ya ute wake mweupe ikaondoka na ganda, maana mikono haijazoea kujimenyea. Aliliingiza mdomoni karibu lote. Akatafuna. Akaacha. Akaniangalia, akiwa na hasira ambayo sijaiona kwa mtu.

Ni hili tu?

Ndiyo, Mama.

Ni hili tu walilokuwa wananificha maisha yangu yote?

Nikaanza kulimenya la pili, mara kengele ya baisikeli. Ni wao, wamewahi kuja! Mama mkwe akainuka, akatoka nje akasimama mlangoni pa banda. Kiini cha yai kiko kidevuni, cha njano, nimekiona wakati anatoka. Sikupata nafasi ya kumwambia.

Nawasikia kupitia ukuta. Zadock: karibu mwenyekiti, hapa ndipo mambo yenyewe. Mama, wametoka wangapi?

Viatu vya ofisi vinasogea karibu.

Mama, hicho kidevuni ni nini?

Bwana Zachariah anakohoa. Memsabu ananguruma.

Yai, anasema mama mkwe. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Kalamu ya Zadock siisikii ikiandika.

Ananiita. Hamwiti Zadock, ananiita mimi. Naliaka! Anasema nitoke na hilo lililobaki, nije nilile hapa nje, wanione. Na chumvi.