Zamu ya Abdu kwenye Hadubini

Mahajanga

Mama yangu,

Nakubusu mkono, nakuombea uzima wewe na wote waliomo nyumbani hapo Nosy Be. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Najua habari ya kifo cha kaka yako imekufikia na unafunga mizigo uje matangani. Usije. Mwache Mwalimu akusomee barua hii mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Mjomba alifia kwake, mtaa wa Tanambao hapa mjini, alfajiri, siku nne sasa. Siku hizi Wafaransa hawaruhusu maiti aoshwe mpaka daktari amchome sindano kumtoa majimaji, nayo yatazamwe kwa hadubini kama yana tauni. Hutazamwa kwetu, kwenye maabara ninakosafisha vyombo. Lakini hadubini yenyewe ni moja tu, Mama. Daktari wa askari anaitaka, daktari wa ng'ombe anaitaka, na wanafunzi wa shule ya utabibu wamejipanga nyuma yao. Siku ile daktari wa ng'ombe aliikalia tangu asubuhi, na kioo chenye majimaji ya Mjomba kiko pale kinasubiri. Nilichemka, nikaendelea kuosha vyombo.

Kumbe Tanambao mdogo wangu Abdu alishafunga mlango. "Mjomba hakai bila kuoshwa eti anamsubiri Mfaransa na ng'ombe wake," aliwaambia watu. Akamwosha peke yake, kwa mikono mitupu. Jioni nilipofika na majibu kwamba ni tauni, nilimkuta Mjomba ndani ya sanda, chumba chote kinanukia kafuri.

Askari walimzika kwa chokaa, wakamchukua Abdu karantini. Nilimfokea mbele za watu na sasa najuta, kwa sababu alifanya tulilotaka sote.

Jana ameshikwa na homa, na mtoki umemvimba kinenani. Leo wamemtoa majimaji. Nilimwomba daktari wa ng'ombe atupishe, akasema kila mtu na zamu yake. Mwanafunzi mmoja Msakalava ndiye aliyetuachia zamu yake ya kesho asubuhi, Mungu amlipe.

Nisalimie dada na wanawe. Mke wa Abdu mwambie mumewe ana homa, basi.

Ikiwa ni tauni na Mungu akamchukua, sitamwosha Abdu, wala sitamruhusu mtu amwoshe. Niwie radhi tangu sasa, Mama, maana nikimgusa utabaki huna mtoto wa kiume.

Mwanao,
Salimu