Baba Mkwe, Siku Uliyoingia Jikoni

Kwako Baba,

Katika miaka kumi na minne ya kuwa mke wa mwanao, nilikusemesha mara moja tu, na hiyo mara moja ilikuwa kosa. Ni siku Gwakisa aliponileta kwenu, kijijini, nje kidogo ya Tukuyu. Nilitoka Kilolo, na nyumbani kwetu bibi harusi akifika ukweni hupiga magoti na kuwasalimu wazee. Nikakuona umesimama barazani na koti lako la kijivu, mwinjilisti mzima, nikapiga magoti mbele yako kwa adabu zangu zote. "Kamwene, baba." Uligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, ukapotelea migombani. Mama mkwe akanikokota hadi nyuma ya jiko.

"We mwana, umetuua! Baba mkwe hatazamwi, hasalimiwi, jina lake halitajwi. Ukimsikia anakuja, unakimbia."

Nilicheka nikidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Yeye hakucheka.

Ndivyo nilivyoanza kuishi nawe bila kukuona. Majirani zangu wa hapa Soweto, Mbeya, nikiwasimulia wanadhani natunga. Ukitoka shamba ulikohoa mara mbili ulipofika kwenye migomba ya mwisho, nami nikajitupia kitenge kichwani na kuzunguka nyuma ya jiko. Ukitaka chai ulimwambia mama, hata kama birika nilikuwa nimelishika mimi, na kati yetu kuna ukuta wa mabanzi tu. Nikitaka ruhusa ya kwenda kuwaona wazazi wangu, nilimwambia mama, naye akapaza sauti kukueleza, kana kwamba hukuwa umesikia tayari.

Unaikumbuka siku ya njia ya mtoni? Tulikutana kwenye kona, mimi na ndoo kichwani, wewe na mwavuli. Mimi nikarukia kulia. Wewe ukarukia kushoto, ukatumbukia kwenye michai ya jirani, mwavuli ukabaki njiani umefunguka. Nilicheka hadi maji yote yakanimwagikia. Naamini na wewe ulicheka, huko ulikokuwa umechutama.

Lakini vitu vilikuwa vinafika. Nikiamka nakuta parachichi kwenye kizingiti cha jiko, au kuni zilizokwisha kupasuliwa vipande vidogo, kwa sababu uliniona, sijui kwa jicho gani, nikihangaika na shoka. Nilipougua malaria nilikuta sukari na chupa ya asali. Mimi nimelelewa na baba ambaye tulijua hali yake ya moyo kwa jinsi alivyoegesha baiskeli. Sikujua kuna baba wa namna yako, asiyeonekana hata kidogo na bado anajua kwamba chumvi imekwisha.

Jumamosi ulifundisha darasa la kipaimara barazani, na mimi nikawa mwanafunzi wako wa siri. Nilichambua maharage upande wangu wa ukuta na kusikiliza. Ulisema Mungu ni mmoja, naye ni Baba, na Mwana, na Roho, na watoto wakakariri kwa sauti ya kuimba. Nikuungamie jambo: huo Utatu sijauelewa mpaka leo. Mchungaji wetu wa hapa mjini huchora pembetatu ubaoni na kutuuliza kama tumemwelewa, nasi tunatikisa vichwa kwa heshima. Ila habari ya Mungu Baba niliona nimeielewa kabisa. Nilijisemea kwamba yuko kama baba mkwe. Yuko nyuma ya migomba, anazijua hatua zangu, analeta vitu, na mimi kazi yangu ni kujifunika na kukaa mbali. Ilinipendeza hivyo. Mungu wa namna hiyo hakusumbui, wala wewe humsumbui.

Halafu ikaja ile siku ya mvua.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Gwakisa alikuwa Mbeya akitafuta kazi, mama alikuwa ameenda kwenye msiba na karibu kijiji kizima kilikuwa huko. Uliwahi kurudi kwa ajili ya darasa lako. Nilikuwa nimeinama nikikoleza moto nikasikia kitu kimekatika ndani yangu, na nilipotazama chini nikaona damu. Nilipiga kelele nikimwita mama, nikijua kabisa hayupo.

Nilikusikia ukija. Ulikohoa mara mbili, kwa mazoea. Nikawa najivuta kwenda nyuma ya jiko, Baba, na damu ile yote. Nilikuwa nakukimbia. Nakumbuka nilitafuta kitenge nijifunike, na kitenge chenyewe ndicho nilichokuwa nimekikandamiza kuzuia damu. Ukasimama nje ya mlango. Ukamuuliza mama, ambaye hakuwepo, "Mama Gwakisa, huyo mwana ana nini?" Ukauliza tena. Kisha ukaacha kumuuliza mama, ukainamisha kichwa kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, ukaingia.

Uso wako niliuona kwa mara ya pili, na sikuuona vizuri kwa machozi na moshi. Ulivua koti ukanifunga nalo kiunoni, ukanibeba mgongoni, mzee wa miaka sitini na kitu, ukapanda na mimi kile kilima cha tope mpaka barabarani. Uliteleza mara mbili. Ukamsimamisha bodaboda, tukakaa watatu, mimi katikati, wewe nyuma umenikumbatia nisidondoke. Tulipita mbele ya waombolezaji wote waliokuwa wanarudi kutoka makaburini. Waliona. Sidhani kama kuna kilichokosekana kuonekana siku ile.

Hospitalini muuguzi alikuuliza wewe ni nani wa mgonjwa. Ukasema, "Baba."

Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Wa kiume. Mimi waliniokoa.

Yaliyofuata niliyasikia kwa mama, kidogo kidogo. Wazee wa ukoo walikuita, wakakuambia umeuvua ukoo nguo. Walitaka useme kwamba ulichanganyikiwa, yaishe. Hukukubali kusema hivyo. Tangu siku hiyo kwenye shughuli za ukoo ulikaa nyuma, karibu na mlango, wewe uliyekuwa ukiombwa kufungua kwa sala. Hata barazani palipungua watoto. Wazazi wengine waliona mtu aliyemshika mkwe wake hawezi kuwafundishia watoto habari za Mungu.

Na mimi, badala ya kukushukuru, nilikukasirikia. Niliporudi nyumbani nimelala pale tumbo likiwa tupu na maziwa yananitoka, nikasikia kikohozi kwenye migomba. Mara mbili. Umerudi kujificha! Sasa hivi najua ulifanya kwa ajili yangu, ili midomo ya watu iniache. Wakati ule sikutaka kujua. Niliona umenibeba siku moja kisha ukaniweka chini. Na Mungu nikamwona hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Nikamwambia waziwazi, nikiwa nafua, kwamba kama ni Baba kweli angefika mapema. Kama anaweza kuja halafu mtoto akafa, basi kuja kwake ni kwa nini? Niliendelea kufua.

Jumamosi ya mwisho kabla hatujahamia Mbeya walikuwepo watoto wanne tu barazani. Nilikuwa nafunga vyombo kwenye magazeti. Nikamsikia binti mmoja, yule mwenye sauti nyembamba, akikuuliza, "Mwinjilisti, lakini kwa nini Mungu aje mwenyewe awe mtu? Si angemtuma tu malaika?"

Nilisimamisha mikono, sahani ikiwa nusu imefungwa.

"Mimi si msomi," ukasema. "Ila niliwahi kusimama nje ya mlango, na ndani mtu anakufa. Niliingia nikachelewa. Nilichotaka kukiokoa sikukiokoa. Lakini nisingeweza kubaki nje. Nadhani Mungu hakuweza kubaki nje."

Yule binti akauliza kama hiyo ya kuchelewa nayo ni ya Mungu. Ukasema hujui, na kwamba utamuuliza mwenyewe ukifika. Watoto wakacheka. Mimi nilikalia gunia la mahindi nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi ya mwanangu.

Nikueleze kwamba nilipata imani siku ile? Hapana. Ilikuja polepole mno, na bado ina mashimo. Miaka mingi hapa mjini nilikuwa nikipeleka watoto tuliowapata baadaye kanisani na kuwasubiri nje, na Meza ya Bwana sikuikaribia. Gwakisa alikuambia, najua. Ulituma parachichi. Hukutuma hata neno moja la mahubiri, na kwa hilo nakushukuru kuliko yote. Lakini jibu lako kwa yule binti lilinifuata hadi soko la Mwanjelwa, kwenye kibanda changu cha vyombo. Nikiwa napanga mabeseni nilijikuta nawaza: Mungu wangu wa nyuma ya migomba, aliyeniletea asali, nilimwogopa tu. Huyu wa pili, aliyeteleza kwenye tope na damu yangu kwenye shati lake, ambaye watu walimtoa mbele wakamkalisha mlangoni kwa sababu yangu, huyu nilianza kumpenda. Na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Hapo ndipo elimu yangu ya dini ilipoishia, na mchungaji akitaka anisahihishe.

Nilikuwa nimepanga kukueleza haya. Sijui nilipanga kwa njia gani, labda kupitia kwa mama, labda nikiwa nyuma ya ukuta. Nilidhani muda upo.

Mvua za mwaka huu zilipoanza wakakuleta hospitali kubwa ya hapa mjini, mapafu. Siku tisa ulilala mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwangu. Kila siku nilikupikia uji wa ulezi, nikauleta hadi mlango wa wodi, nikampa Gwakisa aingie nao. Mimi nilibaki koridoni. Nilijua umedhoofu kwa namna chupa ilivyorudi nzito.

Siku ya tisa Gwakisa alitoka, akanishika bega. "Baba anasema uingie."

Hukuwahi kuniita, Baba, tangu nikujue. Na kwenye benchi la koridoni walikuwa wamekaa dada zako wawili na mzee mmoja wa ukoo, mmoja wa wale wale. Walikuwa wananitazama. Shangazi mkubwa akasema taratibu, "Mwana, usimmalizie mgonjwa kwa mkosi." Nikawaza watakayoyasema. Nikawaza watakavyolisema jina lako ukiwa hata hujazikwa. Nilijitafutia sababu nyingi nzuri, na zote zilikuwa woga.

"Kesho," nikamwambia Gwakisa. "Nitakuja mapema, kabla hawajafika."

Alirudi ndani na chupa. Alipotoka aliniambia ulikunywa vijiko viwili, ukauliza kama nimeondoka. Akakujibu bado nipo mlangoni. Ukasema, "Basi, mwache. Asisumbuliwe." Asubuhi, nikiwa nakoroga uji, simu ikaita.

Msibani kijijini niliwekwa nyuma ya nyumba na wapishi, kama inavyotakiwa. Watu walipita mstari kukuaga na mimi nilikuwa namenya ndizi. Nilisikia mahubiri kwa spika. Mhubiri alisema Mungu ni mkuu, hafikiki, anakaa katika nuru isiyokaribika. Nilitamani kuinuka na kisu changu mkononi nimwambie habari ya jiko lile, kwamba ninamfahamu mmoja aliyefikika, yupo hapo kwenye jeneza mbele yake. Sikuinuka. Hiyo ni mara ya pili woga unanishinda.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye Meza ya Bwana, baada ya miaka kumi na mmoja. Nililia njia nzima hadi madhabahuni na sikujifunika kichwa. Sikwenda kwa sababu nimeelewa. Nilikwenda kwa sababu nimeitwa, na nimekwisha kujua kusema kesho kunagharimu nini.

Watu wananifariji kwamba ulijua nakupenda, na uji wangu ulitosha kukuambia. Huenda. Lakini barua hii naiweka wazi, dada zako waisome na wazee wa ukoo waisome, kwa sababu wewe ulinivukia mwiko mbele ya macho yao, na mimi kwa ajili ya macho yao hayo hayo nilishindwa kukuvukia. Nisamehe, Baba. Kama kule ulipo kuna mlango, mwambie mwenye nyumba asiniachie niuchague mimi upande wa kusimama.

Mlango wa wodi ulikuwa wazi siku ile. Hukujua, lakini nilichungulia. Pazia lilikuficha uso, nikakuona kuanzia magotini tu. Blanketi lilikuwa fupi, nyayo zako zilikuwa nje, na Mbeya ilikuwa baridi kama unavyoijua. Mimi nilikuwa nimejifunika shali ya sufu, Baba. Zilikuwa hatua nne tu, niifunike miguu yako.

Mimi mkweo,
mke wa Gwakisa
Soweto, Mbeya