Konzi ya Pilipili kwenye Kunde za Kambini

Baba, shikamoo. Najua huitikii, lakini mtoto hasusi salamu.

Nakuandikia kwa kalamu niliyopewa misheni, na leo nimejaa majivuno, unisamehe. Tangu tukuzike, reli imeshapita hapa Zuzu, wanaume wanapanga mataruma mbele huko, na sufuria yako ya kambini ilikaa siku nne bila mwenyewe. Nikaenda kuiomba. Nyapara akanicheka mbele za watu: kambi ya Mdachi ipikiwe na msichana! Nikamwambia nimekaa jikoni na baba yangu tangu sijang'oa meno ya utoto. Akanipa siku moja tu. Watu wakila, niendelee. Wakisusa, nirudi kupalilia uwele.

Baba, nikaharibu. Wewe ulikuwa ukitia konzi ya pilipili kwenye kunde, nami nikatia konzi. Lakini zako zilikuwa zile kubwa, umezipasua, umezikwangua mbegu na ule utando mweupe wa ndani. Zangu zilikuwa pilipili kichaa, nzima nzima, za mfanyabiashara wa Kondoa. Zikapasukia humo humo. Nilipoonja, lo! Machozi, kamasi, mpaka masikio yaliwaka. Nikashika kata niongeze maji, nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: "Maji hayaondoi pilipili, yanaitembeza tu." Nikaiweka kata chini.

Nikaziopoa zote nilizoziona. Nikaongeza kunde nyingine zilizochemshwa bila kitu, nikatwanga karanga nikatia. Ukali ukapungua, lakini ulimi bado uliwaka. Nikamkimbilia shangazi, dada yako, anipe maziwa mgando. Akaja na kibuyu mwenyewe, na nilipotaka kuyamimina kwenye sufuria inayochemka, akanidaka mkono. "We! Maziwa ya ng'ombe wangu yapande motoni? Unataka wakauke?" Aibu gani, Baba! Mimi niliyezaliwa zizini nikasahau mwiko kama huo. Hofu ilinitoa akili, maana wanaume walikuwa wameshaanza kurudi, majembe begani.

Basi nikaepua. Nikapakua, kunde zikapoa, ndipo shangazi akamimina maziwa kwa mkono wake, bakuli kwa bakuli, huku akinung'unika kwamba nimekurithi ukaidi wako wote. Nyapara akaonja wa kwanza. Jasho likamtoka puani. Moyo wangu, Baba, we acha tu. Kisha akamega tonge jingine la ugali, na jingine, na wenzake wakajisogeza. Walikwangua bakuli zile mpaka sikuona cha kuosha. Hakunisifu. Alisimama, akafuta mdomo, akasema, "Mpishi, kesho uwahi."

Mpishi! Mimi! Nilikwenda nyuma ya lundo la kuni nikalia, nusu furaha, nusu kukukosa. Ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungenitangaza kwa kila mpita njia hata asiyeuliza.

Sasa nazipasua pilipili mwenyewe, moja moja, nazikwangua, nazilaza kwenye maziwa baridi kabla ya kuzikatia kwenye kunde zilizokwisha kuepuliwa. Shangazi hana neno.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi hakuna atakayeondoka na njaa kwenye sufuria ile nikiwa hai. Kaburi lako nitakuja kulifagia Jumapili, usione nimekutupa. Siku nyingine zote watu wananingoja.

Binti yako,
Debora