Fisi Maji Niliowataja Mkutanini

Butimba, Jumapili

Dada Koku, shikamoo. Mimi mzima, ila moyo mzito. Bwana samaki alituomba sisi wanachuo wa ualimu tuandike kila fisi maji, yule mnyama mla samaki, tunayemwona ziwani, ili walindwe. Mama Sabina, muuza dagaa, akanionyesha pango la jike mmoja na watoto wake wawili. Walivyocheza majini, ungecheka! Basi kwa kutaka sifa nikalitaja pango lile kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa, mbele ya wavuvi wanaochaniwa nyavu na fisi maji hao. Asubuhi tukawakuta wote watatu wamepigwa marungu hadi kufa. Mama Sabina akaniambia, “Mwalimu, uliombwa kuandika, hukuombwa kutangaza.” Msalimie mama, mwambie ninakula vizuri. Nakukumbuka, dada, ungekuwepo ungenivuta shati nikae.

Mdogo wako, Deo