Jina la mama limekutwa makaburini

Shoga, mume wangu amemzika mama yangu. Mama ni mzima wa afya, yuko hapa kwangu.

Si unajua anachora ramani ya viwanja vya mtaa? Kwenye kompyuta majina ya wenye viwanja yalikuwa yanajipanga yenyewe na kupandana. Akayageuza yawe maandishi yasiyojisogeza, ili ayapange moja moja kwa mkono.

Jina la mama ni refu, na kiwanja chake kimepakana na makaburi. Akalisogeza palipo wazi. Makaburini!

Leo ramani imebandikwa ukumbini, mtaa mzima unaangalia. Mama akavaa miwani, akasoma. Kisha: "Mkwe wangu, nimekufa lini?"

Badala ya kuomba radhi, mwenzangu akajibu, "Mama, pale ndipo palikuwa na nafasi."

Nakwambia alisema hivyo. "Palikuwa na nafasi." Mbele za watu!

Ikabidi afungue kompyuta amhamishe palepale, mama kamsimamia nyuma yake kama askari.

Sasa tuko mezani. Mume wangu kamsogezea mama bakuli ajipakulie. Mama hata mkono hakunyoosha.

"Nipakulie wewe, baba. Marehemu hajipakulii."

Anapakua.